Barua ya wazi kwa wanaopanga bajeti: renti yetu haiishi tarehe 30 Juni

Waheshimiwa wa Wizara ya Fedha, wa Wizara ya Ardhi na Nyumba, na nyinyi wabunge wa kamati ya bajeti, habari zenu. Mimi ni mke wa polisi, cheo chake kidogo tu, tunakaa Kinawataka kwa muzigo (ndiyo hivi vyumba vya kupanga vilivyoungana laini moja, vikiwa vingi tunasema mizigo) wa chumba kimoja na nusu, hiyo nusu ni veranda tumezungushia mabati. Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha nimezaliwa nayo, baba alikuwa polisi mtu wa West Nile, mama wa Mbale, kule kambini tulikuwa tunagombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili. Na katiba ilishabadilishwa tangu 2005 ikasema hii ni lugha rasmi ya pili, kwa hiyo msiniambie hamjaelewa.

Jambo langu ni hesabu ya nyumba. Kila mwaka Juni ikikaribia nasikia kwa redio mmoja anasema serikali haina pesa ya kuwajengea wafanyakazi wake, mwingine anajibu basi wapewe alawansi wakapange wenyewe, wa tatu anasema hizi kambi za polisi zitolewe mjini maana ardhi yake ni ya bei, na wote watatu wanaongea kama vile mmoja wao amepata njia ya bure. (Nasema alawansi maana hapa kwetu posho ni ugali, nikisema posho ya nyumba, nusu ya Kampala itaenda kutafuta maharage ya kulia.) Mimi nimeishi njia zote, ile ya kupewa nyumba na ile ya kujipangia, na karatasi ninazo, sasa nisikilizeni kidogo.

Nilizaliwa kwa mama ingia pole. Kwa asiyejua, ni kile kibanda cha bati cha mviringo cha kambi ya polisi, chumba kimoja, pazia katikati, baba na mama upande huu na sisi watoto sita upande ule, mchana ni oveni usiku ni friji, na jina lake utalielewa siku ukiingia na mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Tulikuwa tunaona aibu kusema tunakaa humo. Lakini baba alikuwa akipigiwa filimbi saa tisa usiku yuko kazini saa tisa na dakika tano, na mshahara wake wote ulikuwa unaenda kwa chakula na shule, hiyo sikuielewa mpaka nilipoanza kulipa renti mwenyewe.

Nilipoolewa 2013 tulipata chumba kwa kambi moja hapa Kampala, sitaitaja, laini ya vyumba 12 ya matofali, kwangu mimi mtoto wa bati ilikuwa kama hoteli. 2015 choo kikajaa. Tukaambiwa pesa ya kunyonya choo haijatoka robo hii ya mwaka, ngojeni. Tukangoja. Wanawake tukachanga, gari likaja mara moja, choo kikajaa tena, shimo likaanza kubomoka, mvua ya mwezi wa kumi na moja ikaondoa mabati ya vyumba vitatu vya mwisho, mkubwa mmoja akaja akaangalia akaandika kwamba jengo halifai kwa binadamu, na kweli lilikuwa halifai, basi tukaambiwa kila mtu ajitafutie huko nje. Fundi wa mtaani alikuwa ametupigia hesabu kabla: mabati, mbao, shimo jipya la choo, rangi hata, milioni 9 kwa laini nzima. Mafundi wetu mnawajua, tuseme alidanganya mara nne, iwe milioni 36.

Ile laini bado imesimama mpaka leo na makufuli yake, nyasi zimeota mpaka dirishani. Na mimi tangu Januari 2016 nalipa landilodi. Nilianza na 120,000, baadaye 150,000, sasa ni 250,000. Karatasi zote naziweka kwa kopo la biskuti, nilizijumlisha mwezi uliopita watoto wakiwa wamelala, Januari 2016 mpaka Desemba 2025 ni milioni 20 na laki tano. Ukisema zile familia 12 zote zimelipa kama mimi inakuwa milioni 246. Milioni 246 zimetoka kwa mifuko ya makonstebo kwa sababu mtu hakuona milioni 36! Na kwa kitabu chenu cha bajeti mwaka ule ilionekana kwamba mmeokoa pesa.

Hapo ndipo shida yangu na nyinyi inaanzia. Bajeti yenu inaanza tarehe 1 Julai inaisha tarehe 30 Juni, kitu ambacho hakikulipwa ndani ya hiyo miezi 12 mnakihesabu kama kimeisha. Renti haina tabia hiyo. Imehama tu, imetoka kwa mstari wenu imeingia kwa jiko langu, na nitawaonyesha mbele jinsi inavyorudi kwenu kwa mlango wa nyuma.

Sasa wale wa alawansi. Nawaelewa, hata mimi mwanzo nilikuwa upande wao, nikasema si watupe laki mbili kwa mwezi juu ya mshahara mambo yaishe. Kisha ikaja 2022. Mnakumbuka mlipandisha mishahara ya walimu wa sayansi, mwenye digrii akafika milioni 4, wale wa arts wakabaki walivyokuwa, wakagoma mwezi wa sita na bado wakarudi darasani bila kitu. Kwa laini yetu ya mizigo kulikuwa na mwalimu mmoja wa biolojia na mmoja wa historia, mlango kwa mlango. Landilodi alisikia kwa redio kama sisi wote. Agosti akaja na kitabu chake akasema kuanzia mwezi huu vyumba vyote ni laki mbili, kutoka laki na nusu. Yule wa biolojia akahama akaenda Bweyogerere kwa nyumba ya maana, Mungu ambariki, na sisi tuliobaki, mwalimu wa historia, mimi, muuza nyanya, kijana wa bodaboda, tukaanza kulipa nyongeza ya mshahara ambayo haikutufikia.

Na msiniambie kuhusu sheria. Naijua, ya mwenye nyumba na mpangaji, ilitoka mwaka huohuo 2022, inasema renti isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Ya kwetu ilipanda asilimia 33 kwa asubuhi moja. Nani anaenda kortini kwa shilingi elfu 50, na kwa sheria hiyohiyo mkataba wa lazima kuandikwa unaanzia thamani ya laki tano, sisi wa muzigo mkataba wetu ni mdomo na sura ya mtu.

Kwa hiyo mkitangaza alawansi ya nyumba kwa polisi wote wa Kampala siku moja, kwa redio, na vyumba havijaongezeka hata kimoja, hiyo pesa itapita kwa mume wangu kama maji kwa chujio mpaka kwa landilodi. Vyumba viko vilevile, watu ni walewale, pesa tu ndiyo imeongezeka. Hata nyinyi kwa wizara mnasema nchi inakosa nyumba kama milioni 2.4, sasa laki mbili ya mume wangu itazitoa wapi?

Nina shemeji anafanya uhasibu Mukono, nikamwambia nipigie hesabu vizuri nisiende kujiaibisha mbele ya wakubwa. Nilitaka anithibitishie kwamba kujenga ni rahisi kuliko alawansi. Hakunithibitishia, na nitawaambia ukweli hata kama unaniumiza. Chukua askari 10,000, laki mbili kila mmoja, ni bilioni 2 kwa mwezi, bilioni 24 kwa mwaka. Ikipanda asilimia 10 kila mwaka kufuata landilodi, mwaka wa kumi unalipa bilioni 56 na kitu, na miaka yote kumi pamoja ni kama bilioni 382, na mwisho wake huna hata tofali moja la kuonyesha. Hapo nikacheka, nikamwambia unaona! Akasema ngoja. Nyumba 10,000 ukizijenga kwa milioni 100 kila moja ni trilioni moja. Unayo? Huna, utakopa. Bondi za serikali za miaka mingi zimekuwa zikilipa asilimia 15 na kuzidi, kwa hiyo riba peke yake ni bilioni 150 kila mwaka, na hujapaka rangi hujatengeneza choo. Alawansi ingehitaji karibu miaka 20 ya kupanda kila mwaka ndiyo ifikie hiyo riba. Nikanyamaza. Shemeji naye akanyamaza, ila yeye alikuwa anakula.

Basi kujenga kwa mkopo wa namna hiyo sikuwaombi. Magorofa ya kukata utepe yanapendeza kwa picha, lakini watoto wetu ndio watalipa hiyo riba wakiwa bado wanapanga kwa mizigo.

Nikamuuliza swali la mwisho, je, kutengeneza vile vilivyopo? Chukua ile milioni 36 ya laini yetu, ni milioni 3 kwa chumba. Tuseme ni 5 kwa sababu ya vile vitu vyenu vya tenda. Vyumba 10,000 ni bilioni 50, mara moja, yaani miaka miwili tu ya alawansi, na unabaki na vyumba. Najua si vyote vinatengenezeka, mama ingia pole nyingine hata ukiipaka dhahabu ni bati. Lakini kabla ya kubishana alawansi au magorofa, kuna mtu amezunguka kambi akahesabu makufuli? Sisi wake tunayajua, tunaweza kuwapeleka chumba kwa chumba.

Wengine mtasema mbona nchi kubwa zinalipia watu renti na zinaweza. Nina binamu Waltham, Massachusetts, kule kwa Waganda wengi, anatunza wazee. Huko Marekani wana mpango wa vocha, ulianza kwa sheria ya 1974, mpangaji analipa asilimia 30 ya mapato yake na serikali inamalizia iliyobaki mpaka kiwango fulani kinachowekwa kwa kila eneo. Zamani mpangaji alikuwa analipa 25, sheria ya 1981 ikapandisha. Mimi nilivyosikia nikasema hao wamemaliza. Binamu akacheka, akasema yeye yuko kwa foleni miaka mingi. Kumbe anayestahili hapewi moja kwa moja, Bunge lao linatenga kiasi kila mwaka kikiisha kimeisha, na kati ya kila familia nne zinazostahili inayopata msaada ni kama moja tu. Wale watatu wanapanga kwa nguvu zao, kwa mji uleule, kwa malandilodi walewale.

Angalieni inavyofanya kazi, maana nyinyi mtaingia humo humo. Msaada ukiwa ni tofauti kati ya renti na kile mtu anachoweza, basi renti ikipanda serikali inalipa zaidi hata kama haijaongeza mtu hata mmoja. Ukitaka kupunguza gharama una njia chache na zote zina mtu anayeumia: unampandishia mpangaji sehemu yake, toka 30 uende 35, jambo ambalo ofisi yao ya bajeti ya Kongresi imewahi kulipigia hesabu, au unashusha kiwango cha renti unachokubali, watu wanasukumwa mitaa mibaya, au unapunguza idadi, foleni inakuwa ndefu, au unaweka muda, kama serikali yao ilivyopendekeza 2025, watu wazima wasio wagonjwa wapate miaka miwili tu basi, na pesa zote zifungwe pamoja zipewe majimbo zikiwa zimekatwa karibu dola bilioni 27. Uingereza nao walifunga kiwango chao cha msaada wa renti 2016, renti zikaendelea kupanda, wakafungua 2020, wakafunga tena, wakafungua 2024. Ni kama mtu anashika pumzi ndani ya maji, siku atatoa kichwa tu, na siku hiyo bajeti ndiyo inaona alichokuwa anaokoa.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tulishafanya mageuzi yetu mara mbili na yote naona hamyasemi. Miaka ya 90 serikali iliuza nyumba zake nyingi za wafanyakazi, waliokuwa ndani wakanunua, vizuri kwao, pesa ikaingia mara moja ikaliwa mara moja, na mfanyakazi aliyeajiriwa mwaka uliofuata akakuta hakuna kitu. Halafu Naguru na Nakawa, hapahapa Kampala. Zile estate za wafanyakazi za tangu mkoloni, familia zaidi ya 1,700, zikabomolewa 2011, mkasema unakuja mji mpya wa kisasa na waliokuwa wapangaji ndio watapewa nafasi ya kwanza. Nilipita pale miaka mingi, naona nyasi na mbuzi. Mwaka 2021 Bunge likaunda kamati kuchunguza ile ardhi inagawanywaje, na waliokuwa wapangaji wenyewe wengine wameshazikwa. Mimi nasikia mtu akisema kambi ihamishwe ardhi ni ya bei, naona wale mbuzi.

Nilisema nitawaonyesha mlango wa nyuma. Hapa naandika kwa woga kidogo lakini nitaandika. Askari anayepanga mbali, Mukono huko au Matugga kwa sababu ndiko renti inawezekana, anaamka saa kumi, taksi mbili, akifika amechoka kabla ya kazi. Wizi ukitokea usiku huyo mtu hayupo, yuko kilomita 20, na taksi zimelala. Na tarehe 5 landilodi akigonga na mshahara umechelewa, huyo askari yuko barabarani amesimama na kofia yake na magari yanapita. Mnajua kinachofuata, mnakiita chai, mnaunda kamati za kukipinga na kamati zina magari na mafuta na semina kwa hoteli. Sisemi kila anayekula chai anadaiwa renti, wako wenye nyumba tatu na bado wanakula. Nasema tu kwamba ile pesa mliyookoa kwa choo chetu mnailipa hapo, kwa bei ya juu, na raia naye analipa mara ya pili.

Ninachoomba ni vitu vya kawaida tu. Kila nyumba ya serikali anayokaa mtu iandikwe kwa kitabu cha bajeti kwa bei yake ya mtaani, kama laini yetu ilikuwa na thamani ya laki mbili kwa chumba kwa mwezi basi iandikwe, ili siku mtu akiifunga kufuli ionekane amepoteza milioni 28 na laki nane kwa mwaka, sio ameokoa. Pesa ya matengenezo iwe na mstari wake ambao hauguswi kwenda kununua mafuta ya msafara. Vinavyotengenezeka vitengenezwe kwanza. Na asibomolewe mtu mpaka nyumba nyingine iwe na ufunguo wake, ufunguo wa kushika mkononi, ramani tumeshaonyeshwa sana.

Kama mtatoa alawansi hata hivyo, maana naona mnaipenda, basi ije na mshahara tarehe ileile, isiwe ile ya "itakuja robo ijayo", ianzie miji midogo ambako vyumba vipo kama Soroti au Masindi na Kampala ifuate polepole, na msitangaze kwa redio, nawaomba sana. Shemeji aliongeza moja ambayo mimi sina uhakika nayo: mtu alete risiti yenye namba ya kodi ya landilodi ndiyo alipwe, ili URA, wale wakusanya kodi ya serikali, nao wapate yao, ile asilimia 12 ya mapato ya renti juu ya 2,820,000 kwa mwaka. Wangu ana vyumba 8 vya laki mbili na nusu, ni milioni 24 kwa mwaka, kwa hesabu ya shemeji angelipa kama milioni mbili na nusu, sehemu ya alawansi inarudi nyumbani. Kwa karatasi ni nzuri. Kwa Kinawataka landilodi atasema polisi siwapangishi, au atasema lete risiti kwa 280,000. Fikirieni wenyewe, mnalipwa kufikiria.

Kopo langu la karatasi lipo, miezi 120, nyingine zimekunjwa mpaka wino umefutika lakini tarehe zinasomeka. Mkitaka kuziona kwa kamati nitakuja nazo, nitavaa vizuri, ila nipeni taarifa mapema na isiwe tarehe 5, siku hiyo nakuwa nyumbani namngoja mtu na kitabu chake.

Mke wa polisi,
Kinawataka, Kampala